Nati ya Mchezo

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la hospitali ukiomba daktari asitoke, utamwelewa Rula. Watu wote kwenye korido ile walikuwa wameukodolea macho mlango, wakitaka ufunguliwe. Yeye peke yake alitaka ubaki ulivyo. Daktari akitoka atasema neno kuhusu mkono wa dada, na neno likishatoka halirudi kinywani.

Lakini mlango hauna masikio. Ulifunguliwa, akatoka daktari, mwanamke mfupi aliyepandisha miwani kwenye paji la uso.

“Ndugu wa fundi cherehani ni nani?”

“Mimi. Mdogo wake.”

“Kidole gumba ni kizima. Viwili vya mwisho navyo vitapona. Hivi viwili vinavyofuata gumba,” alivionyesha kwenye mkono wake mwenyewe, “tumevinusuru visikatwe, lakini havitakunjika tena. Sitaki kukudanganya.”

“Ataweza kushika sindano?”

Daktari alishusha miwani, akaipandisha tena.

“Kwa mkono wa kushoto, labda,” alisema, kisha akaitwa na mgonjwa mwingine, akaenda zake.

Rula alirudi kukaa kama gunia lililotupwa. Pembeni yake alikaa mjomba wake, kinyozi, ambaye siku hiyo alifunga kibanda chake na kuacha wateja na nywele zao.

“Mkono ule ndio uliokusomesha,” mjomba alisema.

“Najua, mjomba.”

“Najua unajua. Nasema ili na benchi lisikie.”

Alikuwa anasema kweli. Wazazi walipoondoka duniani, dada alikuwa msichana wa kuposwa. Waliokuja kuposa aliwarudisha mlangoni, akakaa kwenye cherehani akishona sare za shule, kola na vifungo, mpaka mdogo wake akafika chuo kikuu kusomea uhandisi. Huko ndiko alikopachikwa jina la Rula, kwa sababu alikuwa haamini kitu mpaka akipime. Wasichana wa bwenini walisema hata godoro alilipima kwanza ndipo akalilalia.

Sasa hebu tuseme jinsi mkono ule ulivyosagika, maana hapo ndipo penye moyo wa mambo haya.

Kitivo cha uhandisi kilikuwa na kikundi cha wanafunzi waliochoka kuchora vitu kwenye karatasi na kuvifuta. Likizo zilipofika walikwenda mitaani na shuleni kufanya kazi kwa mikono yao. Huku walitengeneza njia ya kiti cha magurudumu, kule waliwafundisha watoto kuwasha taa kwa jua. Safari hii walijenga mnara wa chuma wa kubebea tangi la maji kwenye shule ya msingi. Kikundi kilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: mmoja anakaza nati, mwingine anakuja nyuma yake na spana, anaijaribu kila moja, na ikigoma kuzunguka anaipiga mstari wa rangi nyekundu. Anayekaza hapaki, anayepaka hakazi.

Rula alikuwa mkazaji. Mpakaji alikuwa kijana mrefu, mkimya, mwenye mikono mikubwa kama sahani, waliyemwita Spana. Na wawili hawa walikuwa wanapendana, wanapendana kweli, si mapenzi ya kupigiana miluzi.

Tangu siku za mazoezi kwenye karakana ya chuo walikuwa na mchezo wao. Katika nati thelathini au arobaini, Rula aliacha moja wazi, ameizungusha kwa vidole tu. Spana akiikuta alipaza sauti, “Nimekupata!” na malipo yake yalikuwa siri moja. Rula alilazimika kumwambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Kwa njia hiyo Spana alijua kwamba anaogopa vioo vya gizani, kwamba aliwahi kuiba kitambaa cha mteja wa dada akakizika, kwamba hawezi kuikumbuka sauti ya mama yake. Hakuna nati iliyowahi kumpita. Hata moja.

Kwenye mnara wa shule Rula akaacha nati ya mchezo. Ilikuwa kwenye kile chuma kinachopita mshazari kushikanisha miguu miwili. Spana akapita. Hakusema, “Nimekupata.” Rula alidhani ameikuta, akaikaza, akanyamaza kwa sababu wenzao walikuwa karibu, kwenye mabomba, angeidai siri yake baadaye. Akashuka ngazi akicheka. Rangi nyekundu ilikuwa kwenye nati zote.

Upepo ukaitikisa nati ile, usiku baada ya usiku. Siku ya kukabidhi mnara tangi likajazwa, watoto wakapangwa upande wa pili wa uwanja waimbe, na dada, aliyekuja amevaa gauni lake zuri kuona kazi ya mdogo wake, akainama bombani chini ya mnara anawe mikono. Chuma kikachomoka. Mguu mmoja ukapinda, boriti ikashuka, ikaubana mkono wa kulia kwenye ukuta wa zege.

Rula na Spana peke yao ndio waliojua kwamba chanzo kilikuwa mchezo; mzaha mzaha hutumbua usaha. Wengine wote walijua jambo moja tu: rangi ilikuwa ya Spana.

Na sasa Spana mwenyewe alikuwa anakuja koridoni, shati limepigwa pasi, macho mekundu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Karibu, mkwe wa matangi!” Mjomba hakuinuka. “Leo umekuja kuangusha nini? Dari hili ni la zege, nakuonya, litakutoa jasho.”

“Mjomba, tafadhali,” Rula alisema.

“Tafadhali ya nini? Mimi ni kinyozi. Nikimkata mtu sikio siwezi kumwambia, samahani bwana, nilikuwa najifunza kwa vitendo.” Akamtazama Spana kutoka viatuni hadi usoni. “Kijana, yule mwanamke aliye humo ndani hana mume, hana mtoto. Alikuwa na mkono. Umeuchukua. Sasa umefuata nini, wa pili?”

 Spana alisimama akipokea maneno kama mtu anayenyeshewa na hana pa kujificha.

“Nipe dakika moja na yeye,” alisema mwishowe.

“Mchukue. Ila mrudishe na vidole vyake vyote.”

Walitoka nyuma ya wodi, mahali palipokuwa na kamba ndefu za kuanikia mashuka. Mashuka meupe yalipepea, yakawafanyia chumba kisicho na mlango. Rula alitaka kumshika, akaogopa. Spana naye mikono yake aliificha mifukoni.

“Madaktari wamesemaje?”

“Vidole viwili havitakunjika tena.”

Spana alifumba macho.

“Kamati ya kitivo inanisubiri,” alisema. “Chumba kiko hapo ng’ambo ya barabara, nimepita tu nikuone. Watauliza nani alikaza. Nitasema mimi.”

“Unasema nini wewe?”

“Nilikaza mimi, nikapaka mimi. Nilivunja sheria ya kikundi kwa uvivu wangu. Kosa moja, mtu mmoja, anafukuzwa mmoja. Wewe unabaki, unamaliza, unapata kazi, unamtunza dada yako. Hesabu hiyo hata bila rula inatoka.”

“Usinifanyie mzaha.”

“Sina mzaha tena mwilini mwangu. Uliisha wote.”

“Na wewe utakwenda wapi?”

“Gereji ya baba mdogo. Magari hayaulizi cheti.”

“Mama yako aliuza shamba ili usome!”

“Usimtaje mama!” Sauti ilimkatika, akageuza uso kwenye shuka. “Nimeshalia kwa ajili ya mama. Usinianzishe upya.”

Rula alimzunguka akamkabili. Alikuwa mfupi, ilibidi ainue kidevu. “Nati niliiacha mimi. Kwa mkono wangu. Sikusahau, sikuteleza, niliiacha kwa makusudi. Unataka niishi na hilo, na juu yake niongeze kukuona wewe chini ya gari la mtu, umejaa oili, kwa ajili yangu?”

“Kazi yangu ilikuwa kuikuta.”

“Kwa nini hukuikuta?”

Spana aligeukia mashuka.

“Nakuuliza. Hujawahi kupitwa na hata moja. Nilipokuwa juu ya ngazi nilikuona unapaka. Ulikuwa hujaribu hata nati moja. Nilidhani macho yangu ni mabovu. Kwa nini hukuishika?”

“Tuliache.”

“Niambie, au naanza kupiga kelele hapa hapa, waje wanibebe mimi badala ya mashuka haya.”

Spana alitoa mikono mifukoni, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

“Asubuhi ile ya kukaza nati dada yako aliniita kwenye duka lake,” alisema. “Alikuwa anashona, hakuinua macho. Akaniambia, ‘Kijana, msichana huyu nimemshona mimi, mshono kwa mshono. Usije ukamfumua.’ Akasema amekwisha kuona madaftari yako yana jina langu pembeni. Akaniomba nikuache mpaka umalize masomo. Hakunitukana. Angenitukana ningebishana naye. Aliniomba.”

“Ukasemaje?”

“Nilimwahidi.”

“Ulimwahidi kuniacha?”

“Nilimwahidi. Nikaja mnarani nikiwa nimejipanga kukwambia. Nikakukuta juu ya ngazi, unaimba. Nikashindwa. Nikachukua brashi nikapaka, basi tu, mikono iwe na kazi na macho yapate pa kutazama. Sikuona nati mimi. Niliona maji tu, macho yamenijaa.”

 Rula alishika kamba, mashuka yote yakatikisika. Kumbe wakati yeye anacheka juu ya ngazi, chini yake mtu alikuwa anazikwa.

“Dada hakuniambia kitu,” alinong’ona.

“Na wewe usimwambie kwamba unajua. Naomba hilo tu, siombi lingine. Ukimwambia, atajihesabu naye yumo, na utakuwa umemvunja mkono wa pili.”

“Na sisi?”

Spana alimtazama. Mtazamo ule ulikuwa na kila kitu walichokuwa wamepanga: nyumba yenye meza mbili za kuchorea, ugomvi wa nani apike, mtoto ambaye angeitwa Bisibisi mpaka apate jina la maana. Akanyoosha mkono, akamgusa shavuni kwa nyuma ya vidole, polepole, kama mtu anayejaribu kitu cha moto.

“Sisi tuliisha pale chuma kiliposhuka, mpenzi. Tumechelewa tu kuambiwa.”

Akainama akapita chini ya shuka. Shuka likarudi mahali pake, na palikuwa kama hapakuwahi kusimama mtu.

Rula alilia kilio kisicho na sauti, kile kinachokaza mbavu. Alipomaliza alinawa uso kwenye bomba la ukutani. Akaangalia maji yanavyotoka, akalifunga haraka. Kisha akaingia wodini.

Dada alikuwa kwenye kitanda cha dirishani. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji nene, umening’inizwa kwa mkanda shingoni. Alikuwa amekonda, lakini ulimi ulikuwa mzima.

“Kaa. Usisimame kama mkusanya kodi.” Rula akaketi. “Daktari amekwisha niambia, kwa hiyo usijifanye hujui. Sare za darasa la kwanza zipo mezani, hazijatiwa vifungo. Mpelekee yule jirani yangu azimalize. Mwambie asivute uzi sana, ana mkono wa kupiga watu yule.”

“Nitampelekea, dada.”

“Nilimwona kijana wako amepita dirishani. Amevaa kama bwana harusi.”

“Anakwenda kwenye kamati. Watamfukuza.”

“Vizuri.” Dada aligeuza kichwa kwenye mto. “Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mambo yamekuja kichwa chini: asiyesikia ni yeye, aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.” Akajaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. “Nikimchukia yule mtoto wa watu, maumivu yanapungua kidogo. Usinione vibaya. Mwenye kidonda hachagui dawa.”

Hapo ndipo Rula angeweza kunyamaza. Lango lilikuwa wazi, angepita. Dada angekuwa na mtu wa kumchukia, yeye angekuwa na masomo, na mwenye kulipa alikuwa amekwisha kubali. Alimtazama dada, midomo iliyokauka, nywele ambazo hakuna aliyezichana tangu alipoletwa. Akajua kwamba akinyamaza sasa, kila chakula atakachomlisha mwanamke huyu kitakuwa na uongo ndani yake.

“Dada, nati niliiacha wazi mimi.”

“Hukuikaza vizuri?”

“Niliiacha kwa makusudi.”

Akamweleza mchezo wote. Karakana, nati, siri. Hakujitetea. Alisema mpaka maneno yakamwishia, akabaki anatazama shuka. Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa.

“Ulipoiacha,” dada aliuliza, “ulikuwa unacheka?”

Rula alitamani aulizwe kitu kingine chochote.

“Nilikuwa nacheka, dada.”

 Machozi yalimtoka dada jicho moja yakaingia sikioni, na hakuuinua mkono wake mzima kuyafuta. Rula aliinua wake.

“Usiniguse.”

Aliushusha.

“Yule kijana amekwambia kwamba nilimwita?”

“Ameniambia. Leo hii.”

“Na umekaa hapa umeungama yote hayo bila kunitupia hilo usoni?”

“Hilo halikuiacha nati wazi, dada. Niliiacha mimi.”

Dada akafumba macho. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ya chini, imechoka kuliko mwili.

“Adui ningemchukia nikapumua. Wewe nitakuchukiaje? Mkono mmoja umenivunja, wa pili umenifunga.” Kifua kilipanda kikashuka. “Huko kwenye kamati anasema nini?”

“Anasema ni yeye peke yake. Alikaza, akapaka.”

“Na wewe umekaa hapa unanipepea nzi.”

“Wakinifukuza, dada, nani atakutunza?”

“Sijui.” Alilisema wazi, bila huruma kwake wala kwa mdogo wake. “Kweli sijui. Lakini sikukesha na cherehani ili ukaishi kwa jasho la mtoto wa mwanamke mwingine. Nenda. Sijasema nimekusamehe, usije ukasema nilisema. Nimesema nenda.”

“Dada...”

“Nenda kabla sijakushika nikakuzuia!”

Rula aliondoka mbio. Koridoni mjomba alimwita, “We mtoto, kuna nini?” hakugeuka. Alivuka barabara dereva mmoja akimtukana, akapanda ngazi za kitivo mbili mbili, akasukuma mlango bila kubisha hodi.

Chumba kilikuwa na meza ndefu. Upande mmoja alikaa mkuu wa kitivo, mzee mwenye sauti ya upole kuliko uso wake, na karibu naye mhadhiri aliyekuwa akikisimamia kikundi, ambaye alionekana kama hajalala. Upande wa pili, kwenye benchi, alikuwa Spana, peke yake.

“...kwa hiyo nilikaza mwenyewe na nikapaka mwenyewe,” alikuwa anasema. Akageuka. Alipomwona Rula, uso ukampauka. Akatikisa kichwa: usifanye hivyo.

“Binti, tuna kikao,” mkuu wa kitivo alisema.

“Najua, mzee. Nisameheni. Anawadanganya. Aliyekaza ni mimi, na nati moja niliiacha wazi kwa makusudi.”

“Msimsikilize!” Spana alisimama, benchi likakwaruza sakafu. “Mzee, mwalimu, nawaomba. Msichana huyu hajui anachosema. Dada yake yuko hospitali, akili yake haijatulia. Ananipenda, ndiyo maana anataka kunibebea mzigo. Ni hilo tu. Ananipenda.”

Mhadhiri aliinua macho. Mkuu wa kitivo akaweka kalamu mezani, akamgeukia Rula.

“Ni kweli?”

Rula alimtazama Spana, shati lake la pasi, mikono ile mikubwa.

“Ni kweli nampenda, mzee,” alisema. “Ndiyo maana niliiacha wazi.”

 Spana alifungua kinywa, na safari hii uongo haukuja. Aliketi polepole, kisha akasogea mpaka ukingoni mwa benchi, akampisha nafasi ya kukaa.